Chakula cha Mtu Mmoja

Helka Määttä alikula wima. Walimu wote wa shule yetu tulilijua hilo, kama tulivyojua kwamba ana koti la bluu na kwamba ni mke wa Reijo wa gereji ya mabasi, na baadaye kwamba ni mjane wa Reijo wa gereji ya mabasi. Saa tano kasoro robo, sisi wengine tulipopanga foleni bwaloni pamoja na watoto, yeye alibaki kwenye darasa lake lenye majiko sita, ameegemea dirisha, kipande cha mkate mweusi mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukipanga vikombe kabatini. Akimaliza hapakuwa na sahani ya kuosha. Hilo lilimridhisha.

Mama yake alikula vivyo hivyo. Kwenye shamba lao la Kuivakoski alisimama kati ya jiko la kuni na meza ya watu tisa, akichota, akimimina, akirudisha sufuria motoni, na alichokula yeye kilitoka kwenye kijiko cha kuonjea. Helka alikuwa na miaka kumi na mmoja siku alipomwona mama yake amekaa mezani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku ya mazishi ya bibi, na wanawake wa jirani walikuwa wamemnyang'anya mwiko. Alikaa ameweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri daktari.

Kwa miaka thelathini na minne Helka alifundisha sayansikimu. Kwetu kila mtoto analisoma somo hilo, wa kike na wa kiume: kuchemsha viazi bila kuvifanya uji, kusugua choo, kupiga pasi kola, kusoma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya sweta kabla ya kuitia kwenye mashine ya kufulia. Watoto wanne kila jiko. Mwisho wa kipindi meza inatandikwa, wanne wanakaa, wanakula walichokipika hata kama kimeungua.

Hayo yalikuwa kwenye mtaala. Lakini alichokifundisha Helka hasa ni Agosti.

Shule yetu inaishia darasa la tisa. Anayetaka kuendelea anakwenda mji wa Kajaani mwezi huo, kilomita mia na kumi, na kwa kuwa basi ni moja tu kwa siku, anahamia huko. Ana miaka kumi na sita. Anapewa ufunguo wa chumba chenye jiko la plati mbili, kitanda, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Wazazi wanabeba masanduku hadi juu, wanatundika mapazia, wanasema haya, tutaonana sikukuu, wanaondoka. Jioni ile mtoto anakaa kitandani, na hakuna mtu duniani anayejua kama amekula. Sisi hatuoni ajabu. Sote tulikwenda hivyo.

"Iko siku Agosti," Helka aliwaambia kila mwaka, "utafungua friji, na humo ndani utakuta chupa ya ketchapu basi. Utafanya nini?"

"Ketchapu ni mboga, ticha," alijibu Peetu, mvulana mrefu wa darasa la tisa ambaye hakuwahi kuacha swali lipite bila kulipiga teke.

"Siku ya pili?"

"Nampigia mama."

"Bora wewe," alisema Helka, na wengine wakamcheka Peetu, ingawa Helka hakuwa anatania.

Kwetu mtoto husifiwa kwa neno moja: anajimudu. Hatusemi ana akili, hatusemi ni mzuri. Anayejimudu haombi, hasumbui, hana kelele, na watu humwacha kwa amani, maana kumwacha mtu kwa amani ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Miaka kumi na moja iliyopita Helka alimpa mvulana mmoja, Anssi, alama ya kumi. Alama zetu zinaanzia nne na kumi ndiyo kilele, na Helka hakuigawa ovyo. Anssi alipika, aliosha, alikunja, aliwasaidia wenzake, hakuuliza kitu. Akaenda Kajaani. Novemba baba yake alimpelekea viatu vya baridi, akamkuta kitandani mchana na mapazia yamefungwa. Pakiti tupu za biskuti za chumvi zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, zimenyooka vizuri kabisa. Vyombo vilikuwa safi, havikuguswa kwa wiki tano. Shuleni hakuwa amefika tangu Oktoba, na hakuwa amempigia mtu yeyote. Alipoulizwa kwa nini, alisema hakutaka kusumbua.

Alirudi nyumbani na hakwenda tena. Siku hizi anaendesha lori la kusukuma theluji. Asubuhi za baridi, bati lake kubwa likikwaruza lami mbele ya shule, Helka husimamisha mkono uliokuwa ukikata kitunguu, husubiri mpaka sauti ipotee, kisha huendelea kukata. Hakuwahi kuzungumza naye juu ya ile kumi.

*

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu alikuwa na msichana mmoja anaitwa Saimi Juntunen, wa jiko la pili, jiko moja na Peetu.

Saimi alikuwa na mabega mapana na nywele zilizobanwa kwa kalamu. Alipofika jikoni, jiko lilianza kufanya kazi. Alimpokonya Peetu kisu bila kusema neno, alimpa kazi ambayo hawezi kujikata nayo, aligeuza viazi, alifuta meza. Wenzake walipokaa kula, Saimi alikuwa kwenye sinki.

"Saimi, njoo bwana, supu inapoa."

"Namalizia hii."

"Umeanza kumalizia hii tangu Januari," alisema Peetu. "Sufuria hiyo itatoboka."

Helka aliandika kumi kwenye daftari lake wakati wa Krismasi. Aliiandika bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango wake mwenyewe.

Machi walifundishwa kufua. Kila mwanafunzi alete nguo zake chafu kutoka nyumbani. Peetu alileta jezi za mpira wa magongo zilizowafanya wenzake wafungue madirisha nje kukiwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Saimi alileta mifuko miwili. Helka alisimama karibu alipokuwa anazitenga: ovaroli mbili ndogo, suruali ndogo, soksi ndogo nyingi, mashati ya kazi ya mwanamume yenye utomvu wa msonobari. Hapakuwa hata na soksi moja ya Saimi. Sweta aliyovaa ndiyo ile aliyoivaa Jumatatu.

"Zako ziko wapi?"

"Zangu hazijachafuka, ticha."

Wiki iliyofuata waliumua unga wa mikate midogo ya iliki. Mikate ilipoingia motoni darasa lilitulia, joto likapanda, kukawa na ile harufu ambayo hata walimu huja kuifuata mlangoni. Wenzake waliketi mezani wakibishana kuhusu simu. Helka alipita jiko la pili akamwona Saimi amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, uso mbele ya kioo cha oveni. Alidhani anailinda mikate. Alipita mara ya pili. Saimi alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mikono imepasuka kwenye viungo vya vidole kama ya mwanamke wa shambani.

"Yuko hivyo tangu lini?"

"Si anaangalia mikate?" alisema Peetu.

Hakuna aliyekuwa na kosa. Walimwacha kwa amani.

*

Jarkko, baba yake Saimi, alikuwa dereva wa lori la magogo, na mtu yeyote aliyemtaka alijua pa kumpata: kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, saa nane mchana, meza ya dirishani pamoja na madereva wengine wawili ambao walikuwa wamesema yote waliyonayo tangu mwaka uliopita.

"Kaa, Helka."

"Sikai, napita tu."

"Wewe hukai hata siku moja. Haya, simama. Kuna nini?"

"Saimi."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Amelala sakafuni darasani, mbele ya oveni."

"Mikate iliungua?"

"Haikuungua."

"Unaona sasa!" Jarkko aliwageukia wenzake. "Yule hata usingizini anajimudu."

Wenzake walicheka kwa pua. Helka hakucheka. Alingoja wamalize.

"Wale mapacha wako wadogo wanaamshwa na nani, Jarkko?"

Jarkko alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Mimi natoka saa kumi alfajiri. Magogo hayajipakii yenyewe."

"Na mkeo Merja?"

"Merja yuko Norwe, si unajua. Wiki sita kule, mbili hapa. Muuguzi akakae hapa afanye nini, amuuguze nani, wewe? Saimi hana shida. Wale wadogo wanampenda kuliko sisi. Anawapikia, anawavalisha, anawapeleka, hajawahi kulalamika hata mara moja."

"Ndiyo nilichokuja kukwambia. Hajawahi."

"Sasa hiyo nayo ni kesi?"

"Agosti anakwenda Kajaani."

"Anakwenda, chumba nimeshampatia. Huko atapumzika, mtoto wa watu."

"Hajui kupumzika. Huko hatakuwa na wa kumpikia. Na Anssi naye tulisema atapumzika."

Madereva wote watatu waliangalia vikombe vyao. Mtu wa kaunta aliacha kufuta mashine. Kwetu jina hilo hutajwa tu mtu akiuliza barabara imesafishwa au bado.

"Usimlinganishe," alisema Jarkko baadaye, kwa sauti ndogo.

"Simlinganishi. Nilimpa yule kumi, na huyu nimempa kumi. Naogopa tu."

Ni mara ya kwanza watu wa pale kumsikia Helka Määttä akisema anaogopa. Jarkko alivaa kofia, akaivua, akasema ataongea na bosi wake. Aliongea. Kuanzia Aprili alianza kazi saa tatu siku za Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo mapacha walifika shule ya awali wamevaa ovaroli kinyumenyume.

Lakini Saimi hakulala zaidi. Siku hizo mbili aliamka saa ile ile, akapiga pasi.

*

Mei kila mwanafunzi wa darasa la tisa hufanya mtihani wa vitendo. Helka huandika karatasi ndogo ndogo, huziweka kwenye bakuli, kila mtu anachukua yake na ana saa mbili: apange, apike, atandike meza, ale, asafishe. Karatasi zake zilijulikana shule nzima. Peetu alifungua yake akapiga kelele.

"Familia ya watu watano, bibi hana meno, mtoto ana aleji ya maziwa, na mgeni hali nyama! Ticha, watu hawa wakae kwao!"

"Saa imeanza, Peetu."

Karatasi ya Saimi haikutoka kwenye bakuli. Helka aliitoa mfukoni mwa aproni akampa mkononi. Ilikuwa na maneno manne: *Mtu mmoja. Ni wewe.*

Saimi aliigeuza kuangalia nyuma.

"Ana umri gani?"

"Kumi na tano."

"Ana aleji?"

"Nijuavyo, hana."

"Anapenda nini?"

"Mimi nitajuaje?" alisema Helka. "Muulize."

Saimi alisimama mbele ya friji iliyo wazi kwa dakika saba. Najua ni saba kwa sababu Helka aliandika, na baadaye alinionyesha. Friji ilianza kulia kengele yake. Hatimaye alitoa nyama ya kusaga, maziwa, mayai na pakiti ya makaroni, na alipoanza kufanya kazi alifanya kama siku zote, haraka, safi, bila tone mezani. Trei ya makaroni iliyotoka kwenye oveni ingelisha watu sita. Aliikata vipande, akavipanga kwenye makopo ya plastiki ya kupeleka nyumbani, akaandika siku kwenye kila kopo. Alitandika meza: sahani moja, glasi moja, kitambaa kilichokunjwa. Kisha akageukia sinki.

"Kaa ule," alisema Helka.

"Namalizia hii."

"Saimi."

"Sina njaa sasa hivi, ticha, nitakula nyumbani."

Saa mbili ziliisha. Sahani ilikuwa bado nyeupe. Helka aliandika alama kwenye fomu, akaisogeza juu ya meza. Saba.

Nilikuwa nafundisha historia chumba cha mkabala, na mlango wangu ulikuwa wazi. Katika miaka mitatu sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya Saimi ikivuka korido. Siku ile niliisikia.

"Saba! Nimekosea nini?"

"Hujala."

"Peetu amemwagia bibi asiye na meno mchuzi wa mabonge, amepata nane!"

"Eti mabonge," alisema Peetu. "Ni mtindo."

"Nyamaza wewe! Ticha, niambie, nimekosea nini? Jiko ni safi. Chakula kipo. Hakuna hata kijiko kilichobaki."

"Mtu niliyekwambia umpikie ameondoka na njaa."

Saimi alivua aproni. Aliikunja mara nne, maana hata kwa hasira hakuweza kuitupa.

"Na wewe je? Niko humu miaka mitatu, sijawahi kukuona umekaa. Hata siku moja. Unakula hapo dirishani kama ndege. Wewe nani alikupa saba?"

Mtoto kumwambia mwalimu ukweli si jambo geni kwetu, watoto wetu huwabishia walimu. Lakini mambo ya mtu ya ndani hayaguswi. Peetu mwenyewe alianza kuosha chombo ambacho hakikuwa chake.

Helka aliangalia dirisha, pale kwenye kizingiti penye makombo ya mkate mweusi ya siku ile, akayafuta kwa kiganja.

*

Alinieleza baadaye kwamba jioni ile nyumbani alipasha viazi, akachukua uma, akajikuta amesimama kwenye jiko na sufuria mkononi. Alikuwa amekula hivyo tangu Reijo afariki, miaka minne. Kabla ya hapo alikaa, lakini alikaa ukingoni mwa kiti, upande wa jiko, ili ainuke haraka. Alijaribu kukumbuka chakula anachokipenda. Alikumbuka alichokipenda Reijo. Alikumbuka alichokipenda kila mmoja wa watoto wake wawili, walioko Tampere, na hata mbwa.

Asubuhi alibandika karatasi kwenye kabati la Saimi: *Marudio ya mtihani. Alhamisi saa nane. Watahiniwa wawili.*

Saimi alikuja, ingawa alikuja na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Jarkko alikuwa ameomba ruhusa kazini, yuko nyumbani na mapacha. Jua la Mei lilikuwa limejaa darasani, lile jua letu lisilojua kutua, na theluji ya mwisho ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka paani. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili zenye maneno yale yale.

"Wewe utapika nini?" Saimi aliuliza.

"Dagaa wa ziwani. Wa kukaanga kwa unga wa mkate na siagi nyingi kupita kiasi. Reijo alichukia harufu yake, sijawakaanga tangu nilipoolewa."

"Hiyo ni miaka mingapi?"

"Usiulize. Wewe je?"

Saimi alifunga friji, akaifungua, akaifunga.

"Ni upuuzi."

"Sema."

"Chapati ya maji. Ile ya trei, ya kwenye oveni. Napenda kona. Pale inapokauka na kuwa kahawia. Nyumbani kona ziko nne, mapacha wanachukua mbili mbili, wanahesabu."

"Basi oka."

"Trei nzima? Kwa ajili ya kona?"

"Ni mtihani wako."

Dagaa walipiga kelele kwenye kikaango na harufu yao ilienda hadi chumba cha walimu. Chapati ilivimba, ikapasuka, ikajikunja pembeni. Walikaa wakitazamana, kila mtu na sahani yake. Helka aliinuka kufuata chumvi, akajishtukia, akarudi kukaa bila chumvi. Saimi alikata kona ya kwanza. Alikula taratibu, akiangalia mlango.

Simu yake ililia. Aliitazama.

"Ni nyumbani," alisema, na tayari kiti kilikuwa kimesogea nyuma. Aliweka simu sikioni. Helka alisikia sauti mbili ndogo zikipiga kelele kwa pamoja.

"Nini?... Soksi zipi?... Baba yuko wapi?... Sasa si umuulize yeye!... Ndiyo, anajua. Kama hajui atatafuta. Ana macho."

Alikata. Alibaki ameshika simu, kama mtu aliyeangusha kitu na anangoja asikie kikivunjika. Hakikuvunjika. Akavuta kiti mbele, akakata kona ya pili, kisha ya tatu. Alipofika ya nne alilia kidogo, bila sauti, huku akitafuna. Helka hakumuuliza kitu, na hakumwacha kwa amani pia. Alibaki pale pale, akitoa miiba ya dagaa na kuipanga kando ya sahani.

"Ukiwa Kajaani," alisema Helka baada ya muda, "ukiumwa utafanya nini?"

"Nitalala."

"Siku ya pili?"

Saimi alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Sijui."

"Unapiga simu. Unampigia mama, baba, mimi, hata Peetu."

"Peetu! Ataniletea ketchapu."

"Ataleta. Atakuja nayo mwenyewe, na atakaa. Hiyo ndiyo sehemu ya mtihani isiyo na jiko. Nimechelewa kuifundisha."

Kwenye fomu aliandika nane. Saimi aliisoma, akafungua mdomo.

"Uliinuka mara moja kufuta meza," alisema Helka. "Usijitetee, niliona."

*

Helka alistaafu Juni. Tulimpa maua na kiti cha bustani, na kila mtu alijua wazo la kiti lilikuwa la nani. Agosti Jarkko alimpeleka Saimi Kajaani kwa gari dogo. Merja aliomba ruhusa Norwe akaja pia. Kabla ya hapo, nyumbani, mapacha walikuwa wamepigania kona nne na Saimi, wakajifunza kwamba kila mtu mbili ni nyingi.

Septemba ilipita. Oktoba ilipita. Helka hakupiga simu. Alitaka sana, akajizuia. Alitaka kujua kama itapigwa kutoka upande ule. Aliniambia hizo zilikuwa wiki ngumu kuliko zote za kazi yake, na hakuwa hata kazini.

Novemba, siku ya Jumanne, saa sita mchana, theluji ikianguka ile nzito isiyo na upepo, simu yake ililia.

"Ticha, ni mimi. Saimi."

"Nakusikia."

"Nina homa. Siku ya tatu leo. Nesi wa shule anasema ni mafua makali tu, nilale, ninywe maji. Baba nimempigia, yuko msituni, hapatikani. Mama yuko zamu." Helka alisikia pumzi yake. "Nina kila kitu. Nina supu. Ila siwezi kuinuka kuipasha, na sitaki kuwa peke yangu. Hiyo nayo ni sababu?"

"Ni sababu. Nakuja."

"Barabara ni mbaya, unaweza hata kesho..."

"Saimi."

"Njoo leo," alisema Saimi.

Barabara ilikuwa mbaya kweli. Nje kidogo ya mji wetu Helka alilifikia lori la kusukuma theluji, taa zake za njano zikizunguka, bati likitupa theluji mtaroni. Hakuwa na njia ya kulipita. Alikwenda nyuma yake kilomita ishirini, mwendo wa baiskeli, mikono yote miwili kwenye usukani. Kwenye kituo cha basi lori liliingia pembeni ili limpishe. Lakini Helka naye aliingia pembeni, akazima gari, akashuka ndani ya theluji iliyomfika magotini.

Anssi alishusha kioo. Ana ndevu sasa.

"Umekwama, Helka?"

"Sijakwama. Nakwenda Kajaani kwa Saimi wa Jarkko. Anaumwa, yuko peke yake."

"Nani kakwambia?"

"Kanipigia."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Anssi aliangalia mbele, wipa zikienda na kurudi.

"Mimi sikujua kama inaruhusiwa," alisema.

Helka alikuwa na maneno ya miaka kumi na moja tayari, aliyapanga mara nyingi akikata vitunguu. Hakuna hata moja lililotoka.

"Sikukufundisha," alisema. "Nilikupa kumi, lakini hilo sikukufundisha."

Anssi alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Kisha akatazama theluji iliyokuwa inamjaa Helka mabegani.

"Zamu yangu inaishia njia panda ya Ristijärvi," alisema. "Ila leo nitafika mjini. Kaa karibu nyuma yangu, usipitwe na mtu."

Alipandisha kioo. Helka alirudi kwenye gari, akawasha taa. Bati la lori lilishuka, likagusa lami, na ile sauti ya kukwaruza ikaanza tena, mbele yake kabisa, njia nzima.